Fumi Aliyelia Ndani ya Mtumbwi

Nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi pale mjomba wangu aliponichukua kwa mara ya kwanza kwenda kuvua kwa mshipi katika hori moja yenye mikoko karibu na Mkoani, Pemba. Maji yalikuwa yanajaa, upepo haukuwapo, na mtumbwi wetu tulikuwa tumeufunga kwenye mkoko kwa kipande cha kamba ya usumba. Baada ya kukaa kitambo kirefu bila ya kupata kitu, mshipi wa mjomba ulikazika, akauvuta pole pole, akampandisha fumi mmoja wa dhiraa nzima, mweupe tumboni, masharubu yakimning'inia. Fumi yule alipotua ndani ya mtumbwi alianza kutoa mlio: krr, krr, krr, mlio mkavu wenye mpangilio, kama mtu anayepitisha ukucha juu ya meno ya kitana. Nilimuuliza mjomba samaki anasema nini. Mjomba, ambaye wakati huo alikuwa amembana fumi kwa kisigino ili auvunje mwiba wa pezi kabla haujamchoma mtu, alinijibu bila ya kunitazama: "Analalamika, baba. Muache alalamike, chakula chetu hicho."

Jawabu lile lilinitosha kwa miaka mingi. Nilipokuja kusoma habari za milio ya samaki nikiwa mtu mzima, nilikuta kwamba mjomba hakuwa mbali na ukweli, isipokuwa alikuwa amesikia sehemu ndogo tu ya maneno, tena ile sehemu ambayo samaki huisema akiwa tayari mikononi mwa mtu.

Mlio wa fumi hautoki mdomoni. Shina la ule mwiba wa pezi la ubavuni limekaa ndani ya tundu la mfupa wa bega, na uso wake una mikwaruzo midogo midogo iliyopangika kama meno ya tupa. Samaki anapoupeleka mwiba mbele na nyuma, mikwaruzo hiyo hupita juu ya mfupa na kutoa sauti. Jamaa zake wa maji baridi hufanya vivyo hivyo, na ninaamini kwamba wavuvi wa Ziwa Victoria, walipompa samaki mmoja wa kundi hilo jina la gogogo, walikuwa wanaandika kwa herufi kile walichokisikia ndani ya mtumbwi. Mlio wa namna hii ni wa dhiki. Hutolewa pale samaki anaposhikwa, na huenda humshtua mnyama aliyemshika, au humuonya kwamba mwiba umeshasimama na haumezeki. Mjomba hakushtuka.

Lakini kuijua sauti ya samaki kwa mlio wa dhiki ni sawa na mgeni aliyefika Unguja, akakaa nje ya hospitali siku nzima, kisha akaandika kwamba watu wa mji huu lugha yao ni kuguna. Milio ambayo wanasayansi wanaitafuta zaidi ni ile inayotoka wakati hakuna mshipi, hakuna nyavu wala mtu: dume anapomuita jike, jirani anapomfukuza jirani mpakani, kundi zima linapokusanyika kutaga mayai usiku. Milio hiyo ndiyo lugha ya kila siku, na kwa mtu aliyekaa juu ya maji ni vigumu mno kuisikia.

Chombo kikubwa cha kazi hiyo ni kile kibofu cha hewa kilichomo tumboni mwa samaki wengi, ambacho wafanyabiashara wa sangara kule Mwanza hukiita bondo na kukiuza kwa bei inayoishinda nyama yenyewe. Kazi yake ya kwanza ni kumsaidia samaki kuelea katika kina anachokitaka bila ya kuchoka. Lakini kibofu kilichojaa hewa ni ngoma pia, na samaki wengi wana misuli maalumu iliyoshikana nacho ambayo hukipiga. Mfano maarufu ni samaki wa pwani ya mashariki ya Marekani wa jamii ya chura-samaki, mwenye sura ya kuchukiza na kichwa kipana kama chungu, ambaye misuli yake ya ngoma inaweza kujikunja na kujikunjua hadi mara 200 katika sekunde moja. Ni miongoni mwa misuli yenye kasi kubwa zaidi iliyowahi kupimwa kwa wanyama wenye uti wa mgongo, na yote hiyo ni kwa ajili ya dume kukaa ndani ya shimo lake na kuguruma mpaka jike aje kutaga.

Wengine hawana misuli hiyo, nao wamejitafutia njia nyengine. Kikande, ambaye huku kwetu ni samaki wa kila siku, wapo wa aina moja yenye michirizi ambao wana magamba matatu makubwa na magumu nyuma ya shavu, na chini ya magamba hayo ngozi imepakana moja kwa moja na kibofu cha hewa. Kikande huyo hupepea pezi la kulia kisha la kushoto, pezi husukuma magamba, na magamba hupiga kibofu. Kwa maneno mengine amebeba ngoma mbili ubavuni na kuzipiga kwa zamu. Yule samaki mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, anayeishi ndani ya anemoni, yule mnyama wa baharini mwenye vimikono vinavyowasha, mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Éric Parmentier wa Ubelgiji walieleza kwamba hufunga taya zake kwa ghafla mpaka meno yakagongana, na mgongano huo ndio mlio wake wa kufukuzia wageni. Na mwaka 2024 watafiti wa Ujerumani walieleza habari za samaki wa Myanmar mwenye urefu wa milimita 12 tu, asiyezidi upana wa ukucha, ambaye hutoa mlio unaozidi desibeli 140 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) akipimwa kwa karibu. Samaki huyo mwili wake unapenya mwanga, hata ubongo wake unaonekana, na bado huwezi kujua kwa macho kwamba ndiye anayepiga kelele.

Kwa nini basi sisi tuliozaliwa pwani tumekuwa tukisema kwamba bahari ni kimya? Sababu iko kwenye uso wa maji. Sauti husafiri ndani ya maji kwa mwendo wa mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, na huenda mbali kuliko mwanga. Lakini inapofika juu, mahali maji yanapokutana na hewa, karibu yote hurudishwa chini kama mpira uliopigwa ukutani. Mvuvi aliyekaa kwenye ngalawa anaweza kuwa juu ya ukumbi wa harusi na asisikie hata kigelegele kimoja.

Samaki wenyewe husikia kwa sikio lililofichwa ndani ya fuvu, lisilo na tundu la nje. Anayetaka kuliona na angoje mchuzi wa kichwa cha changu. Nyumbani kwetu marehemu bibi alikuwa akivitoa mdomoni vijiwe viwili vyeupe, vigumu, vyenye umbo la kokwa lililobapwa, na kuvipanga ukingoni mwa sahani. Sisi watoto tukivichezea tukidhani ni meno. Vile ni vijiwe vya masikio. Kila samaki wa mifupa ana jozi tatu, ila kwa kawaida jozi moja ndiyo kubwa ya kuonekana. Mwili wa samaki una uzito unaokaribiana na maji, kwa hiyo sauti inapopita, mwili huyumba pamoja na maji. Kijiwe, kwa kuwa ni kizito zaidi, huchelewa, na kule kuchelewa hukwaruza vinyweleo vya neva vilivyo chini yake. Kukwaruzwa huko ndiko kusikia. Vijiwe hivyo pia huongezeka tabaka mwaka hadi mwaka, kama shina la mti, na wataalamu wa uvuvi huvikata na kuhesabu umri wa samaki.

Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kwamba samaki hawana sauti kwa kuwa hawana mapafu wala koromeo, lakini wapo wanaotoa milio kwa kusugua mashavu yao au kwa viungo vya tumboni vyenye hewa. Nashangaa kila nikikumbuka kwamba mtu aliyekosa kila chombo aliweza kufika karibu hivyo na ukweli, na naamini alifika kwa sababu aliwauliza wavuvi. Baada yake jambo hilo lililala kwa muda mrefu mno, mpaka vita vilipoliamsha. Mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani lilitega maikrofoni za majini katika mlango wa ghuba ya Chesapeake ili kusikiliza nyambizi za Wajerumani, na jioni za majira ya kuchipua vyombo vikajaa makelele kama ya mashine za kuvunjia barabara. Walikuwa ni samaki wa jamii ya wakoromaji, waliokuwa wameingia ghubani. Baada ya vita jeshi lilimkabidhi mwanasayansi mmoja mwanamke kazi ya kutambua nani anatoa mlio gani, ili askari wasije wakapoteza baruti kwa kitoweo. Jina lake lilikuwa Marie Poland Fish, na jina hilo la mwisho kwa Kiingereza maana yake ni samaki. Mwaka 1970 yeye na mwenzake walichapisha kumbukumbu ya milio ya spishi zaidi ya 150.

Somo hilo halikuwafikia wote. Katika miaka ya 1980 wakazi wa nyumba za majini huko Sausalito, California, walikosa usingizi kwa mvumo uliokuwa ukiingia ndani ya vyumba vyao usiku kucha. Wakashuku pampu za maji machafu, wakashuku jeshi, kumbe ni madume ya chura-samaki wa huko yaliyokuwa yakivuma kuita majike, mvumo mmoja ukiweza kuchukua zaidi ya saa nzima. Uchunguzi wa baadaye ulionesha kwamba sikio la jike wa samaki huyo hubadilika msimu wa kuzaliana, likawa jepesi zaidi kwa ile mipigo mikali ya sauti ya dume, na msimu ukipita hupungua. Huko Sweden nako, vyombo vya jeshi vilinasa milio iliyodhaniwa ni ya nyambizi za Kirusi, hadi wanasayansi walipoitwa na kueleza kwamba ni samaki wadogo wa makundi, jamaa wa dagaa, wanaotoa mapovu kupitia njia ya haja. Kwa lugha ya heshima, walikuwa wanatoa upepo. Taifa zima lilikuwa limejiweka tayari kwa ajili ya hilo.

Mimi mwenyewe nilisikia mwamba wa matumbawe kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, nilipozama kwa miwani na mrija katika kisiwa cha Chumbe, ambacho mwamba wake umehifadhiwa rasmi tangu 1994. Kitu cha kwanza kilichoniingia masikioni kilikuwa ni mchakarisho usiokatika, kama mafuta ya kukaangia yaliyoangukiwa na matone ya maji, ukitoka pande zote na usio na mwenyewe. Nilidhani ni damu yangu. Baadaye nikajua kwamba ni kamba wadogo, wasiozidi urefu wa kidole, ambao kila mmoja ana gando moja kubwa kuliko jengine. Kamba huyo hulifunga gando lake kwa kasi inayochopoa mchirizi wa maji, mchirizi huacha nyuma yake kipovu, na kipovu kinapoporomoka ndipo hutoka mwaliko. Mpaka mwaka 2000 watu wengi waliamini kwamba sauti ni ya magando kugongana, lakini kamera za kasi kubwa zilionesha kwamba gando linapofungika bado ni kimya, na mlio hufuata kipovu kinapopasuka. Nyuma ya mchakarisho huo, mtu akitulia na kuzuia pumzi, husikia vitu vyengine: kudonoa kwa pono anayevunja matumbawe kwa mdomo wake, na mara moja moja mguno mzito kutoka pangoni ambao sikuweza kumuona mwenyewe.

Kwa mwanasayansi, faida ya kwanza ya milio hii ni kwamba samaki anayeongea hana haja ya kuvuliwa ili ajulikane yupo. Chewa wa bahari ya Karibi hukusanyika mara chache kwa mwaka, katika siku za mwezi mpevu, mahali pale pale palipotumiwa na wazazi wao, na madume hutoa mngurumo mzito wakati wa kuzaliana. Zamani mahali hapo paligunduliwa na wavuvi kwanza, na kundi likamalizika katika misimu michache. Sasa kinasasauti kinachoachwa chini ya maji kwa miezi huonesha usiku gani kundi limekuja, limekaa muda gani, na kama mwaka huu sauti ni nyingi au chache kuliko mwaka jana. Mfano wa kutisha zaidi unatoka Ghuba ya California, Mexico, ambako samaki wa jamii ya wakoromaji, wapatao milioni moja na nusu, huingia kila mwaka katika mlango wa mto Colorado, katika siku zinazotangulia mwezi mchanga na mwezi mpevu. Watu wa Pemba hawahitaji kufasiriwa kalenda hiyo, ni kalenda ya bamvua. Watafiti walioandika habari zake mwaka 2017 walipima sauti ya kundi hilo na kuona kwamba ina nguvu ya kuweza kudhuru masikio ya pomboo. Wavuvi huisikia kupitia ubao wa boti, nao hutupa nyavu papo hapo. Kwa hiyo mlio unaowawezesha samaki wale kuzaana ndio unaowatoa roho, na mtafiti anayetaka kuwahesabu anatumia hati ile ile anayoitumia mvuvi.

Faida ya pili ni ya mwamba mzima. Watoto wengi wa samaki wa mwambani huanguliwa wakapeperushwa na mkondo kwenye maji makuu, wakiwa wadogo kama chembe za chicha, kisha baada ya siku au wiki kadhaa hutafuta pa kukaa. Mwaka 2005 kundi la mtafiti Steve Simpson lilionesha, huko Australia, kwamba vijana hao huzifuata kelele za mwamba: mawe yaliyowekewa spika yalipata wageni zaidi kuliko yaliyoachwa kimya. Mwaka 2019 zilitangazwa habari za jaribio jengine lililofanywa katika kisiwa cha Lizard, kwenye mwamba mkubwa wa Australia ulioharibiwa na joto. Spika zilizocheza sauti ya mwamba mzima kwa siku 40 ziliongeza samaki mara mbili katika vifusi vya matumbawe yaliyokufa. Ni jambo la kustaajabisha, japo sipendi namna baadhi ya magazeti yalivyolieleza, kana kwamba spika inaponya. Matumbawe yaliyokufa hayafufuki kwa kaseti, na mgeni aliyevutwa kwa sauti ya harusi atakaa tu kama atakuta pilau. Huko Indonesia watafiti wameifundisha kompyuta kusikiliza rekodi za mwamba mzima na mwamba ulioharibika, na mwaka 2022 walieleza kwamba iliweza kutofautisha kwa usahihi wa asilimia 92. Sisi tulioona matumbawe yakigeuka meupe mwaka 1998 tulihitaji kuzama ili kulijua hilo.

Maikrofoni ya majini husikia pia yale ambayo watu wangependa yasisikike. Mwezi wa Machi na Aprili 2015 boti ya watafiti ilipita pwani nzima ya Tanzania ikikokota kinasasauti, na katika saa 231 za kusikiliza ilinasa milipuko 318 ya uvuvi wa baruti, mingi yake katika maji yaliyo karibu na Dar es Salaam. Wanavijiji walikuwa wakisema hayo tangu zamani, lakini neno la mwanakijiji hujibiwa kwa kikao, na namba yenye saa na mahali ni shida kidogo kuijibu kwa kikao. Kelele zisizo za kuua nazo zina madhara yake. Watafiti waliowapitishia vifaranga wa samaki wa mwambani mashine za boti waliona mwaka 2016 kwamba waliliwa na maadui zao zaidi ya mara mbili ya wale waliokaa bila ya boti, kwa sababu ya kuzubaishwa. Na kaskazini mwa Norway, mwaka 1996, iliripotiwa kwamba ile mizinga ya hewa inayotumika kutafutia mafuta chini ya bahari ilipunguza samaki wa kokoro kwa kiasi cha nusu katika eneo kubwa. Nayataja haya kwa kuwa kuna habari za mafuta na gesi katika maji yetu pia, na kwa sababu kutoka Mkoani mpaka Nungwi sikuhizi tanga ni chache na mashine ni nyingi.

Idi iliyopita nilikwenda Pemba kumsalimia mjomba. Ameacha kwenda dago, magoti hayamruhusu, lakini mtumbwi bado anao, na asubuhi ya siku ya pili alinitaka twende horini "tukanyooshe mgongo". Nilimsimulia habari za wavuvi wa Malaysia ambao walikuwa na mtaalamu anayejitosa majini akashika ubavu wa boti na kusikiliza samaki kwa masikio yake, kisha akawaambia wenzake wamwage nyavu au wasimwage. Aliguna. Nikamwambia kwamba mbao hubeba sauti vizuri, na kama mtu atatia ubapa wa kafi majini na kuweka mpini kwenye mfupa wa taya, huenda akasikia. Nilijaribu mimi kwanza, nikasikia mchakarisho ule ule wa Chumbe, kwa mbali. Nikampa yeye. Aliushika mpini kwa mikono miwili, akaulaza kwenye taya, akafumba macho kama mtu anayevuta uradi.

"Nasikia mafuta," alisema. "Mtu anakaanga."

Boti ya mashine ilipita nje ya hori ikielekea Wete, naye akakunja uso akauondoa mpini. Alingoja mpaka mawimbi ya boti yalipotupita na kuishia kwenye mikoko, akaurudisha. Tulikaa hivyo kwa muda. Nilianza kufungua chambo.

"Kuna mwengine," alisema, macho yakiwa bado yamefumbwa. "Huyu anagonga."

"Nani, mjomba?"

"Nitajuaje? Nyamaza kwanza."